Tangawizi ya Same: mzani, deni na nani hupanga bei

Wafanyabiashara wanaofuata tangawizi katika milima ya Upare ya Kusini hawalalamikii uhaba wa mali. Mamba Miamba, Gonja na vijiji vya jirani katika wilaya ya Same ni moja ya sehemu za Tanzania zinazosifika kwa zao hilo, na malori kutoka Dar es Salaam na Arusha, pamoja na wanunuzi wa Kenya wanaopitia mpaka wa Holili, wameizoea njia. Mnunuzi yupo na mkulima yupo. Swali ambalo mipango mingi ya "kumuunganisha mkulima mdogo na soko" hulipita haraka ni hili: ikiwa wote wawili wapo, kwa nini fedha nyingi za zao hili hubaki chini barabarani na hazipandi mlimani?

Jibu la kwanza ni mzani. Bei ya shambani husemwa kwa gunia, na gunia lina njia nyingi za kujaa. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukikamata wanaofungasha lumbesa tangu ulipoanzishwa mwaka 2002. Hata hivyo lumbesa haijafa. Mfano: mkulima amekubaliana shilingi 100,000 kwa gunia. Kichwani mwake ameuza kilo kwa shilingi 1,000. Gunia likishonewa kilemba na kufika kilo 130, kilo imeuzwa kwa shilingi 769. Kilo 30 zimeondoka bure, wala hakuna aliyegombana na mwenzake kuhusu bei.

Wafanyabiashara wengine hujitetea kwamba lumbesa ni fidia ya uzito unaopotea njiani, na hoja hiyo ina ukweli wake. Tangawizi mbichi ni maji kwa sehemu kubwa. Ikikaa siku kadhaa kwenye lori na katika ghala la dalali hupungua, na vipande vilivyochubuliwa na jembe huanza kuoza. Lakini upungufu huo unaweza kupimwa na kuingizwa kwenye bei ya kilo, kama inavyofanyika katika mazao mengine. Ukifichwa ndani ya gunia, anayeumia baadaye ni hata mfanyabiashara mwaminifu, kwa sababu anashindana mnadani na mtu ambaye gharama yake halisi haionekani.

Jibu la pili ni habari. Kuanzia 2002 programu ya serikali ya kuendeleza mifumo ya masoko ya mazao, AMSDP, iliyofadhiliwa kwa mkopo wa shirika la IFAD, ilifanya kazi katika mikoa kadhaa, Kilimanjaro ikiwamo. Ndani yake ulizaliwa mradi ulioitwa First Mile, ulioanza mwaka 2005. Wakulima walichagua watu wao wa kwenda masokoni kuuliza bei, kuona ubora unaotakiwa na kujua ni nani ananunua nini, kisha kupeleka taarifa kijijini kwa simu ya mkononi. Watu hao walibandikwa jina la mashushushu, na halikuwa tusi.

Mbinu hiyo ilifanya kazi pale ambapo shushushu alirudi na zaidi ya bei. Bei ya Kariakoo peke yake haimsaidii mkulima wa Mamba. Anachohitaji kujua ni kiasi gani cha tofauti kati ya bei ya Kariakoo na ya shambani kinaliwa na nauli, ushuru, upakiaji, dalali na uozo, na kiasi gani ni faida tupu ya mnunuzi. Ushuru nao umebadilika: mwaka 2017 serikali iliushusha kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima asiyejua hilo hukatwa bei kwa kisingizio cha ushuru wa zamani.

Leo simu iko karibu kila nyumba, na habari ya bei si siri tena kama ilivyokuwa 2005. Pamoja na hayo, pengo la bei halijazibika, na ndipo linapoingia jibu la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote.

Tangawizi hukomaa kwa miezi 8 hadi 10. Tofauti na nyanya au kabichi, haimlazimishi mwenye shamba kuing'oa siku ileile. Inaweza kubaki ardhini kwa muda, nyuzi zikizidi kukomaa, hasa ikikusudiwa kukaushwa. Kwa maneno mengine, mkulima wa Mamba ana ghala lisilolipiwa pango, chini ya miguu yake. Kwa kanuni za biashara yeye ndiye angepaswa kuwa na sauti: bei ikiwa mbaya, aache mali ilale.

Lakini wengi hawaiachi. Januari inakuja na sare, madaftari na mahitaji mengine ya watoto wa shule. Mgonjwa hasubiri bei ipande. Mbegu nazo ni gharama kubwa, kwani tangawizi hupandwa kwa vipande vya tangawizi yenyewe: anayeuza mavuno yote leo atanunua mbegu msimu ujao kwa bei ya aliyebakiza. Basi mnunuzi mdogo wa kijijini hukopesha. Mfano: anatoa shilingi 50,000 miezi mitatu kabla ya mavuno, na kulipwa gunia moja ambalo msimu ukifika lina thamani ya shilingi 100,000. Hiyo ni riba ya asilimia 100 kwa miezi mitatu. Hakuna benki inayothubutu kuiandika kwenye fomu, ila shambani haiitwi riba, huitwa msaada.

Mkopeshaji huyo si lazima awe mtu mbaya. Mara nyingi ni jirani mwenye duka, na yeye pia anabeba hatari. Ugonjwa wa kuoza ukiingia shambani wakati wa mvua, fedha yake imekwenda. Barabara za kupanda Mamba ni za kona na udongo, na mlima wenyewe una historia: Novemba 2009 maporomoko ya ardhi katika kijiji cha Goha yaliua watu zaidi ya 20. Anayeweka fedha huko hujilipa kwa hatari hiyo. Kinachokosekana ni mshindani wake, yaani mtu au chombo kingine cha kumkopesha mkulima fedha za miezi mitatu kwa masharti ya kibinadamu.

Ukilinganisha na tambarare iliyo chini ya milima hiyo, tofauti huonekana. Ndungu kuna skimu ya umwagiliaji ya mpunga, yenye hekta 680, iliyojengwa kwa msaada wa Japani na kukamilika mwaka 1990. Mpunga hukauka, huwekwa ghalani na kuhesabika. Sheria ya Stakabadhi za Maghala ya mwaka 2005 ilitungwa kwa mazao ya namna hiyo: mkulima anaweka mali, anapewa stakabadhi, benki inamkopesha sehemu ya thamani, naye anasubiri bei ipande. Tangawizi mbichi haiingii vizuri katika utaratibu huo. Benki haiwezi kushika rehani kitu kilichomo ardhini ambacho kinaweza kuchimbwa usiku.

Njia moja ya kuitoka hali hiyo ni kukausha na kusaga, na ndilo wazo lililozaa kiwanda cha tangawizi cha Mamba Miamba. Kilipiganiwa na Anne Kilango Malecela, aliyekuwa mbunge wa Same Mashariki kuanzia 2005 hadi 2015, kikazinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwaka 2012. Baadaye mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, PSSSF, uliingia ubia na ushirika wa wakulima. Kwa mwekezaji mdogo anayefikiria mitambo ya aina hii, iwe Same au kwingineko, hesabu ya kuanzia ni rahisi. Kilo 5 hivi za tangawizi mbichi hutoa kilo 1 iliyokauka. Mbichi ikiwa shilingi 1,000, kavu isiyofika 5,000 ni hasara hata kabla ya kulipia umeme au kuni, mikono ya kuosha na kukata, na mifuko.

Kwa hiyo kiwanda hupata faida mbichi inapokuwa rahisi, na hukosa malighafi inapokuwa ghali. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Watanzania walijifukiza na kunywa tangawizi kwa wingi na bei ikaruka. Mwaka 2023 ugonjwa wa ukungu uliharibu mashamba ya Nigeria, mmoja wa wauzaji wakubwa duniani, na soko la nje likatikisika. Nyakati kama hizo mwenye lori hupandisha bei asubuhi na kulipa taslimu jioni. Kiwanda chenye bei iliyopangwa na kikao cha bodi hubaki kikiangalia malori yakipita.

Na hata katika msimu wa kawaida, linaloamua ni taslimu. Wapare wana kumbukumbu ndefu ya kahawa. Kwa miaka mingi waliikabidhi ushirikani na kusubiri malipo ya pili na ya tatu, ambayo wakati mwingine hayakuja. Ndiko lilikotoka neno "kukopwa". Kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi msimu wa 1994/95, wengi walimfuata mwenye fedha mkononi hata pale bei yake ilipokuwa pungufu. Haikuwa ujinga. Shilingi ya leo ilikuwa na uhakika, ya ushirika ilikuwa na ahadi.

Hapo ndipo mwenye mtaji anapopaswa kuangalia kabla ya kuuliza mashine inasaga kilo ngapi kwa saa. Je, chombo kinachonunua kina fedha za kulipa siku mali inapofikishwa, kwa msimu mzima? Je, mzani uko wazi mbele ya mkulima, na bei inasemwa kwa kilo? Je, SACCOS ya kijiji ina mtaji wa kukopesha mwezi Oktoba na Novemba, kabla ya Januari haijafika? Je, kuna mkataba wa kiasi na ubora, ambapo hata mnunuzi wa Kariakoo anajua atapata tani ngapi zilizooshwa na wiki gani?

Hilo la mwisho lina faida ya moja kwa moja kwa wenye malori. Gari linalozunguka vijiji vitano kukusanya tani 7 hutumia siku na mafuta ambayo mwishowe hukatwa kwenye bei ya mkulima. Kikundi kinachokusanya tani hizo mahali pamoja, zikiwa zimepimwa na kuchambuliwa, kinaweza kudai sehemu ya akiba hiyo, na mnunuzi bado akabaki na faida. Wanunuzi wanaotaka kujaribu utaratibu huo wafike kwa vikundi mapema, kabla mali haijawekwa rehani kwa mwenye duka, maana baada ya hapo tangawizi iliyo shambani tayari ina mwenyewe.