Kutosha Filme mu Kaseti na Kuiingiza mu Ordinatere





Katika nyumba mingi, na katika makabati ya makanisa yetu, kungali kaseti za video. Ndani yake kuna ndoa, ubatizo, kwaya, mazishi, na sikukuu za kumaliza masomo. Leo mtu anakamata kaseti ile, anaigeuza ku mkono, kiisha anairudisha mu kabati, kwa sababu chombo cha kuionyesha hakiko tena. Anasema: "Tutaona siku ingine." Makala hii inataka kuonyesha kwamba siku ile ingine haitakuja yenyewe. Inataka kuonyesha tena kwamba kazi ya kuhamisha video si uchawi. Mwanafunzi mwenye uvumilivu anaweza kuifanya, akipata vyombo vyenye kufaa.

1. SABABU GANI TUFANYE HARAKA

Kaseti ni utepe mwembamba wa plastiki wenye kupakwa unga wa metali. Kamera inaandika picha na sauti juu ya unga ule kwa nguvu ya sumaku. Tuchukue kaseti ndogo yenye kuitwa MiniDV, yenye ilianza mu mwaka 1995. Utepe wake una upana wa milimetre 6,35 tu, na kaseti ya saa moja inabeba zaidi ya metre 65. Ndani ya kamera kuna ngoma ndogo yenye kuzunguka mara 9000 kwa dakika moja. Vichwa vyenye viko ku ngoma ile njo vinasoma utepe. Kwa hiyo vumbi kidogo tu linatosha kuharibu picha.

Joto, unyevu na kuvu vinakula utepe polepole. Lakini mara mingi mashine inakufa mbele ya kaseti. Kampuni Funai ya Japani, yenye ilikuwa ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi ile mu Julai 2016. Microsoft iliacha programu yake Movie Maker mu Januari 2017. Na mu mwaka 2025, Apple ilitosha mu programu yake mpya ya macOS njia yenye kuitwa FireWire, yenye kaseti za MiniDV zinapitia. Kila mwaka mlango unafungwa kidogo. Kaseti inaweza kuwa ingali nzima, lakini bila mashine ni sawa barua yenye kuandikwa kwa lugha yenye hakuna mtu anaijua tena.

2. KWANZA UJUE KASETI YAKO NI YA NAMNA GANI

Kuna namna tatu, na kila moja ina njia yake.

a) VHS, VHS-C, Video8 na Hi8. Hizi ni za zamani. Picha imeandikwa sawa mawimbi, si kwa hesabu. Ordinatere haielewi mawimbi, basi inapashwa kupata chombo kidogo cha kutafsiri katikati. Chombo kile kinaingia mu tundu la USB. Upande wa pili kinapokea nyaya tatu za kamera: ya rangi ya manjano ni ya picha, nyeupe na nyekundu ni za sauti.

b) Digital8 na MiniDV. Hapa picha imekwisha kuandikwa kwa hesabu, ni kusema 0 na 1. Waya wa FireWire (Sony waliuita i.LINK) unahamisha hesabu zile vile ziko. Kama kichwa kinasoma vizuri, kopi inakuwa sawasawa kabisa na ya kwanza.

c) Kamera za karte ao disiki. Hizi hazina kaseti. Unakopa tu sawa vile unakopa picha za telefone. Lakini kwa kamera za AVCHD, zenye zilianza mu 2006, ukope furushi lote na si kipande kimoja kimoja. Kamera inakata mambo marefu mu vipande vingi, na habari za kuviunganisha ziko pembeni.

Namna ya (b) njo nitaeleza zaidi, kwa sababu njo yenye inasumbua watu wengi.

3. VYOMBO

Unapashwa kuwa na kamera yenye inacheza kaseti. Kama kaseti ilipigwa kwa namna ya LP, ni kusema utepe ulitembea polepole ili dakika ziongezeke, mara mingi ni kamera yenye iliipiga tu njo inaisoma vizuri. Tafuta ile.

Unapashwa kuwa na waya wa FireWire. Upande wa kamera una ncha 4. Upande wa ordinatere una ncha 4, 6 ao 9. Angalia tundu lako mbele ya kununua waya. Wengi wanajaribu waya wa USB wa kamera, wanapata picha ndogo mbaya ao hawapati kitu. Si kosa lao: katika kamera mingi za MiniDV, USB iliwekwa kwa ajili ya picha za kusimama.

Unapashwa kuwa na ordinatere yenye tundu lile. Ordinatere mpya hazina. Hapa njo jambo la kushangaza: mashine ya zamani, yenye watu wanataka kuitupa, inafaa kuliko ile ya bei kali. Programu za kupokea video zinapatikana bure: WinDV kwa Windows, na dvgrab kwa Linux.

Mwisho, unapashwa kuwa na disiki yenye nafasi. Tufanye hesabu pamoja. DV inakula karibu megabayiti 3,6 kwa kila segonde. Saa moja ina segonde 3600. Basi 3,6 x 3600 = 12 960, ni kusema karibu gigabayiti 13 kwa saa moja. Kaseti kumi za saa moja zinaomba gigabayiti 130. Tena, kama disiki ao flashi imepangwa kwa namna ya FAT32, haiwezi kupokea fishie moja yenye kupita gigabayiti 4. Video itasimama hata dakika 20 hazijatimia. Inafaa disiki ipangwe kwa namna ya NTFS ao exFAT. Lakini muangalie: kuipanga upya kunafuta vyote vyenye viko ndani. Utoshe vitu vyako kwanza.

4. KAZI YENYEWE

Kwanza, angalia utepe kwa macho. Ukiona unga mweupe wa kuvu, usiiingize kaseti mu kamera. Kuvu itashika vichwa, kiisha itapita ku kaseti zingine.

Pili, sogeza kile kidude kidogo cha mgongo wa kaseti upande wa SAVE. Tangu hapo hakuna mtu anaweza kuandika juu yake kwa bahati mbaya.

Tatu, peleka utepe mpaka mwisho, kiisha urudishe mpaka mwanzo. Utepe wenye ulilala miaka mingi unashikana. Namna hii unalegea na kunyooka.

Ine, zima kamera na ordinatere mbele ya kuunga waya. FireWire ya ncha 6 inabeba umeme; ncha yake ikiingizwa kinyume inaweza kuunguza tundu. Kiisha washa, na uweke kamera ku upande wa kucheza, si ule wa kupiga.

Tano, fungua programu, bonyeza kupokea, na ucheze kaseti. Sasa ngoja. Hapa hakuna njia ya mkato: saa moja ya kaseti inaomba saa moja ya kazi. Usifungue programu zingine ku ordinatere ile, kwa sababu ikichoka itaruka picha.

Kwetu umeme unakatika bila kuaga. Kwa sababu ile ordinatere ya kubeba inafaa kuliko ile ya meza, na batri ya kamera iwe imejaa hata kama waya wake uko ku prize. Kama munatumia grupe, muhesabu esanse ya saa nzima mbele ya kuanza. Umeme ukikatika katikati, kaseti haipotezi kitu. Rudisha utepe nyuma kidogo, na uendelee kwa fishie mpya.

Ukiona picha inavunjika mu vipande vya mraba, mara mingi vichwa ni vichafu. Tumia kaseti ya kusafisha kwa segonde chache tu, sawa vile imeandikwa ku boksi lake. Usiweke kidole wala kitambaa cha nyumbani ndani ya kamera.

5. KUTENGENEZA FILME

Video ikiingia, kazi ya furaha inaanza. Programu kama Kdenlive, Shotcut na OpenShot ni za bure. Unakata mahali penye kamera ilitikisika, unapanga vipande, unaandika kichwa, unapunguza sauti ya upepo. Saa tatu za sherehe zinaweza kuwa filme ya dakika 20 yenye watu wataangalia bila kusinzia.

Lakini tushike sheria moja: fishie ya kwanza haiguswi. Tuiite mama. Filme zote zinazaliwa kwake. Kwa kutuma ku telefone tunatengeneza kopi ndogo ya MP4, yenye inapunguza uzito kwa kutupa habari zingine za picha. Ukipunguza kopi ya kopi, na tena kopi ya ile, uso wa mtu unakuwa doa. Ninyi wasomaji wa gazeti hili munajua: ukurasa wenye ulitoka ku kopi ya tatu, herufi "e" na "o" ni ndugu mapacha.

Mama awekwe ku disiki mbili, katika nyumba mbili. Disiki moja ikianguka, ingine inabaki. Na kaseti zisitupwe. Zisimame wima mahali pakavu, mbali na jua.

6. MAMBO MAWILI YENYE MASHINE HAIFANYI

La kwanza ni ruhusa. Kaseti ya ndoa ni ya wenye ndoa. Kaseti ya mazishi ni ya jamaa. Kujua kuhamisha si kupewa haki ya kuonyesha watu wote. Muombe kwanza, na mukikataliwa mukubali.

La pili ni majina. Ordinatere itashika uso wa mzee mwenye kusimama nyuma ya pasta, lakini haitasema ni nani. Leo kungali wamama na wababa wenye wanaweza kunyosha kidole na kusema: "Huyu ni mjomba wako, na yule njo alileta shule hapa kijijini." Wakiondoka, picha itabaki na uso bila jina, na hakuna programu ya kuponya ile. Basi siku video inaingia, ukae na wazee, waangalie pamoja nawe, na uandike ku karatasi: mwaka, mahali, majina, kutoka kushoto mpaka kuume. Kazi hii haiombe FireWire wala umeme mwingi. Inaomba kalamu na heshima.

Kisha kuwashibisha watu elfu tano, Bwana Yesu aliagiza wanafunzi wake wakusanye vipande vyenye vilibaki, na vikapu vikawa kumi na viwili (Yoane 6). Mwenye kuwa na mkate mwingi namna ile angeweza kuacha mabaki mu majani. Hakuacha. Wakati wa likizo, kila mmoja wetu aulize nyumbani: kaseti ziko wapi, na kamera yenye ilizipiga iko kwa nani? Uulize kamera kwanza, kwa sababu njo yenye inauzwa ao kutupwa mbele.

Mungu abariki masomo yetu.

Kapita wa wanafunzi,
Darasa la sita