Niliogopa Maji Miaka Mingi, Bahari Ikanifundisha Utii

Sisi tukaao Kanombe, katika Wilaya ya Kicukiro mjini Kigali, tumezoea ngurumo za ndege kuliko za mawimbi. Uwanja wa ndege uko jirani, kambi iko jirani, na hospitali ya jeshi iko jirani. Lakini Bahari ya Hindi iko mbali nasi kwa zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usishangae nikikiri kwamba nilikuwa mama wa watoto wawili kabla sijathubutu kuingia katika maji yapitayo magoti.

Tena nilikuwa na sababu. Nilipokuwa na umri wa miaka 9, kaka yangu alizama katika Ziwa Muhazi na hakuokolewa. Tangu siku hiyo maji mengi kwangu yalikuwa ni kaburi. Watoto wangu walipoomba kwenda kuogelea na wenzao, jibu langu lilikuwa moja tu: hapana. Jioni moja baba yao, ambaye ni askari, akaniambia kwa upole, "Mama watoto, hofu hiyo ina haki yake. Lakini hawa unawarithisha deni wasilolikopa."

Yeye alikuwa amerejea kutoka Cabo Delgado, Msumbiji, ambako majeshi ya Rwanda yamekuwako tangu Julai 2021. Huko aliwaona watoto wa pwani wakicheza majini kama wetu wachezavyo milimani. Alipopata likizo, tukaafikiana kwenda Unguja, nami nikaapa kwamba sitabaki ufukoni kulinda viatu.

KUOGELEA KWANZA

Wengi hudhani mzamiaji hana haja ya kujua kuogelea, maadamu amebeba hewa mgongoni. Sivyo. Shule za kuzamia humtaka mwanafunzi aogelee mita 200 bila kushika kitu, kisha aelee kwa muda wa dakika 10. Hujaza pia karatasi ya maswali ya afya: je, ana pumu, ugonjwa wa moyo, kifafa, maradhi ya masikio? Akiwa na mojawapo, hana budi kumwona daktari kwanza. Kuficha ugonjwa hapa ni kujidanganya mwenyewe.

Basi miezi mitatu kabla ya safari nilijifunza kuogelea katika bwawa hapa hapa Kigali, nikianzia upande wa kina kifupi kama mtoto ajifunzaye kutambaa. Wiki ya kwanza nilijifunza jambo moja tu: kutia uso majini na kutoa pumzi. Msomaji mwenye hofu kama yangu asilidharau somo hilo. Hofu haiondoki kwa kusukumwa kisimani. Huondoka kwa hatua ndogo ndogo.

CHOMBO CHENYEWE

Kifaa cha kuzamia kilibuniwa mwaka 1943 na Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau, afisa wa jeshi la majini, na mhandisi Émile Gagnan. Wakati ule wa vita petroli ilikuwa adimu, na Gagnan alikuwa na vali ya kuzipa injini za magari gesi badala ya petroli. Wakaigeuza impe binadamu hewa kwa kadiri aivutavyo, wala si zaidi.

Mtungi hauna oksijeni tupu, kama wengi wadhanivyo. Una hewa hii hii tuivutayo, iliyoshindiliwa. Mzamiaji huvaa kizibao kinachojazwa na kupunguzwa hewa, miwani inayofunika pua, mapezi ya mpira miguuni, na mkanda wa vipande vya risasi. Mume wangu alicheka aliposikia neno hilo; lakini hii ni risasi ya madini tu, ya kumtia mtu uzito asielee.

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni hii: usizuie pumzi kamwe. Kwa kila mita 10 unazoshuka baharini, mgandamizo huongezeka kwa kiasi sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Mpira uliojazwa hewa katika kina cha mita 10 ungetanuka mara mbili ukifika juu. Mapafu ya aliyefunga pumzi akapanda nayo hutanuka vivyo hivyo, na yanaweza kupasuka.

SIKU YA KWANZA

Mwalimu wetu huko Nungwi alikuwa kijana mpole wa Kiunguja. Alitupigisha magoti katika maji yafikayo kifuani, akatuonyesha namna ya kuingiza maji kidogo ndani ya miwani na kuyatoa kwa kupuliza kwa pua. Maji yaliponigusa macho, nilimwona kaka yangu. Nikaruka juu, nikang'oa kipumulio mdomoni na kulia mbele ya wageni.

Hakunicheka wala hakunikemea. Alisema, "Pole, dada. Bahari haina haraka, nami sina haraka. Hesabu pumzi zako 10, ukitaka turudi, turudi. Ukitaka tutoke, tutoke." Nilihesabu. Nikarudi. Mara ya sita ndipo nilipoweza. Nilifahamu kwamba kinachomuua mzamiaji aghalabu si maji, bali kitetemeshi kinachomfanya asahau aliyofundishwa. Askari wanalijua jambo hili vema kuliko mimi.

Siku ya nne tulikwenda kwa mashua hadi kwenye matumbawe ya Mnemba. Tulishuka polepole, nikibana pua na kupuliza ili masikio yasiume, mume wangu ubavuni. Kwa maana hakuna azamaye bila mwenzake. Katika kina cha mita 12 nilisikia sauti ya pumzi yangu tu. Pono walikuwa wakiyaguguna matumbawe. Kasa mmoja alitupita bila kutujali. Kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka 9, maji hayakunikumbusha kifo.

MTIHANI WA MWISHO

Ajabu ya mwanadamu! Mimi niliyelia siku ya kwanza ndiye niliyeomba siku ya mwisho tuzamie tena saa 9 alasiri. Mwalimu akauliza, "Ndege yenu saa ngapi?" Nikamjibu, saa 12 asubuhi. Akakataa kata kata.

Sababu ni hii. Chini ya maji, mwili hunywa naitrojeni nyingi kutoka katika hewa. Mtu akipanda upesi, gesi hiyo hufanya viputo mwilini kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Huleta maumivu ya viungo, hata kupooza. Mwanasayansi Mskoti John Scott Haldane alitoa mwaka 1908 majedwali ya kupanda kwa hatua kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la majini, baada ya kujaribu kwa mbuzi. Kupanda ndege ni kuendelea kupanda: hewa ndani yake ni kama ile ya mlimani, mita 2,000 hivi au zaidi. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa angoje saa 18 au zaidi. Kutoka saa 9 alasiri hadi saa 12 asubuhi ni saa 15 tu. Tena sisi wa Kanombe hatushuki pwani. Uwanja wetu uko karibu mita 1,500 juu ya bahari.

Nilikasirika, kisha nikaona haya. Jioni ile tulikaa ufukoni, tukaitazama bahari bila kuigusa.

KWA WENZANGU

Anayetaka kufuata njia hii achague Oktoba na Novemba, baina ya kusi na kaskazi, bahari inapotulia. Ajifunze kwa mwalimu mwenye cheti. Na aulize mapema msaada wa ajali uko wapi. Wala asidhani mafunzo ya pwani yatamtosha katika Ziwa Kivu: lile liko mita 1,460 juu ya bahari, na majedwali yake ni mengine.

Nasi nyumbani? Watoto wetu hujifunza kuogelea kila Jumamosi. Mimi huketi kando ya bwawa, na moyo bado hudunda wanapotia kichwa majini. Lakini sisemi tena hapana. Nahesabu pumzi 10.