Ukiumia Kazini Usitie Sahihi Upesi

Ndugu wafanyakazi wa Kasese na Bwera,

Mashine ya pamba au ya saruji ikikukata mkono, fidia si sadaka ya tajiri. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 yamtaka alipe hata kama ulizembea. Lakini mpe taarifa ya ajali kabla mwezi haujapita. Wengine hupewa noti chache kitandani, wakatia sahihi. Kumbe aliyelemaa kabisa, asiyeweza kazi tena, haki yake ni mishahara ya miezi 60! Mapatano yataka kibali cha maandishi cha ofisa wa kazi wa serikali. Kutoka Bwera safari ni ndefu, twajua, nendeni tu. Siku 21 zikipita tangu taarifa bila mapatano, mpelekeni tajiri kortini, katika wilaya ile ile mlikoumia.