Mtoto Anapojifunza Kinanda Mwenyewe

Mama mpenzi, je, kelele za kinanda hukuudhi? Mimi, nikichoka na zamu za usiku, niliwahi kuuficha waya wa kinanda cha mwanangu hapa nyumbani Sofu. Siku moja nikamkuta amechora vibonyezo kwenye kipande cha boksi, anavigusa huku akiimba do, re, mi. Niliona aibu, nikamrudishia.

Hana mwalimu, lakini solfa ya kwaya zetu, iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19, yatosha kuanzia. Mwonyeshe mwanao kibonyezo cheupe kilicho kushoto kabisa mwa vyeusi viwili: hiyo ni do. Vyeupe 7 vinavyofuata kuelekea kulia vitampeleka hadi do ya juu.

Aketi wima, viwiko usawa wa vibonyezo. Atumie vidole vyote, kwani mazoea mabaya ni magumu kuyaacha. Sauti iwe ndogo, kulinda masikio. Mpatane saa ambayo mama hajalala.

Kisha, jioni moja, mwite baba nanyi mketi mumsikilize. Mtoto anayesikilizwa hapendi kuacha.