Pampu ya Hita ya Jua Ipate Umeme Wapi?

Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa Julai jua huwaka vizuri, lakini usiku wake joto huweza kushuka chini ya nyuzi 0. Ongeza mgao wa umeme wa Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, mgao uliofikia kilele mwaka 2023, utaona kwa nini pampu ya hita ya jua huko ni jambo la kufikiriwa.

Si kila hita ina pampu. Tangi likiwa juu ya bamba la kukusanyia joto, maji ya moto hupanda yenyewe na ya baridi hushuka. Tangi likikaa chini ya bamba, pampu haiepukiki.

Pampu hiyo huamriwa na kidhibiti chenye vihisi joto viwili, kimoja kwenye bamba, kingine chini ya tangi. Bamba likilizidi tangi kwa nyuzi kama 8, pampu huwashwa. Tofauti ikipungua hadi 3 au 4, huzimwa. Pengo hilo limewekwa makusudi, maana maji ya tangi hulipoza bamba mara yanapofika, na bila pengo pampu ingewaka na kuzima mfululizo.

Pale ambapo maji ya kuoga yenyewe hupita kwenye bamba, kidhibiti pia huzuia barafu: bamba likikaribia nyuzi 4, huwasha pampu ili maji ya moto yazunguke, mabomba yasipasuke. Umeme wa gridi ukikatika, kinga hiyo hupotea.

Wengine hufunga paneli ndogo ya umeme wa jua, ya wati 10 hadi 20, iendeshe pampu ya volti 12. Jua likikolea, pampu huongeza kasi. Wingu likipita, hupunguza. Mgao hauigusi. Ila usiku, barafu inapotishia, paneli haizalishi kitu.

Kwa hiyo kazi ya kuzuia barafu isiachiwe pampu. Bamba lizungushiwe maji yaliyochanganywa na glaikoli ya propilini, kiowevu kinachozuia maji kuganda, katika mzunguko uliofungwa unaopasha tangi bila kuchanganyika na maji ya kuoga. Pampu hubaki na kazi ya mchana tu, na paneli inaimudu.

Kabla ya kumlipa fundi, muulize: umeme ukikatika saa kumi alfajiri mwezi Julai, nini kitalinda mabomba?