Kianzishi na Kichocheo: Istilahi za Mwendo wa Mmenyuko katika Utengenezaji wa Punje za Polima

Punje za polima zenye viungo mtambuka, zikishatiwa makundi yenye chaji, hutumika kulainisha maji magumu. Makala hii inachunguza istilahi zinazohitajika kueleza kemia yake kwa Kiswahili bila kuipotosha.

Stairini na divinilibenzini huchanganywa na benzoili peroksidi, kisha hukorogwa ndani ya maji yenye polivinili alkoholi, katika joto la takriban nyuzi 80 za Selsiasi. Kila tone ni chombo kidogo cha mmenyuko kinachojitegemea. Ukorogaji huathiri ukubwa wa punje, si mwendokasi wa mmenyuko.

Peroksidi hiyo mara nyingi huitwa kichocheo. Hata hivyo kichocheo, kama afundishwavyo mwanafunzi wa sekondari, hakitumiki kikaisha. Peroksidi huvunjika na kutoa radikali huru, na vipande vyake husalia kwenye ncha za minyororo ya polima. Napendekeza kianzishi. Suala hili si la msamiati tu: kwa kuwa minyororo hukoma radikali mbili zinapokutana, mwendokasi huwiana na kipeuo cha pili cha ukolezi wa kianzishi. Atakaye mwendokasi maradufu hana budi kukizidisha mara 4, na minyororo yake itakuwa mifupi zaidi.

Kanuni hiyo hufaa mwanzoni. Tone linapokuwa zito, radikali zilizo kwenye minyororo mirefu hushindwa kukutana, ilhali monoma, kwa udogo wake, huendelea kuzifikia. Ukomaji hupungua, mmenyuko hushika kasi, joto hupanda. Maji ndiyo huliondoa joto hilo. Ukorogaji ukisita katika hatua hii ya kunata, matone huungana yakawa bonge.

Divinilibenzini ina vifungo viwili vya aina mbili-mbili. Kwa jumla hutumika mapema kuliko stairini, na kifungo chake cha pili, kikiwa kimefungwa mnyororoni, humenyuka polepole zaidi. Matokeo yake ni wavu usio sawa: mzito katika sehemu zilizotangulia, mwepesi katika zilizofuata. Hati ya zabuni inayotaja divinilibenzini ya asilimia 8 hutaja kiasi kilichotiwa kwenye mchanganyiko. Mshauri wa sera akifasiriwa kuwa huo ndio msongamano wa viungo mtambuka kila mahali ndani ya punje, atalinganisha bidhaa mbili kwa kipimo kisichozitofautisha.