Mabingobingo si Matete

Askari anayeripoti kwamba ameingia "katika majani marefu" hajamweleza mkuu wake kitu. Nchini Uganda majani yanayompita mtu kimo ni ya namna nyingi, na kila namna hutoa habari zake juu ya ardhi iliyo chini yake.

Sisi tulijifunza hayo kwa jasho tulipokuwa wanafunzi wa uofisa. Siku moja ya mazoezi kiongozi wetu aliona majani marefu bondeni, akasema, "Hayo ni mabingobingo. Gari lipite." Lilikwenda hatua ishirini tu, likazama hadi ekseli. Yalikuwa matete. Tulilivuta kwa kamba hata jua likatua. Laiti ingalikuwa vita, adui asingalitungoja.

Mabingobingo, ambayo Waganda huyaita ebisagazi, humea kwa vichaka vilivyosongamana na hufikia kimo cha mita 4 na zaidi. Bua lake hunenepa kama kidole gumba, na ndani limejaa. Jani lake lina mstari mweupe katikati, na kingo zake hukata ngozi. Suke ni la rangi ya manjano, limekaza na kunyooka mithili ya brashi ya kusafishia chupa. Bua la matete, kwa upande wake, lina uwazi ndani, na suke lake hutawanyika na kuyumba kama usinga. Mafunjo hayamtatizi mtu: bua lina pembe tatu, na kileleni pana mwavuli.

Mabingobingo hupenda mvua nyingi na udongo wenye rutuba. Huonekana kandokando ya Ziwa Victoria, ukingoni mwa misitu na mito, na katika mashamba yaliyoachwa. Hayavumilii kusimama majini muda mrefu; hivyo penye mabingobingo mguu hukanyaga pagumu kwa kawaida, ingawa jicho halioni hatua tatu mbele. Matete na mafunjo ni dalili ya maji na tope. Aidha, mtoni majani haya huweza kupakana. Yafaa kusimama pale mabingobingo yanapokoma.

Ndugu askari na polisi, kabla ya kuamuru gari lipite, kateni bua moja mtazame ndani. Ni kazi ya dakika moja, nayo itawaepusha na kuvuta kamba mchana kutwa.